Kucha na Simu Zisizo na Mlango

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye cheti cha ndoa na kwenye kinywa cha mama yake. Watu wengine wote walimwita Kucha. Si kwamba alikuwa na kucha ndefu za kujipamba, la. Alikuwa na ukucha mmoja tu wa maana, wa kidole gumba cha mkono wa kulia, mnene na mgumu kama gamba la kobe, na kwa ukucha huo alikuwa akifungua simu za watu. Mteja hajamaliza hata kusalimia, simu imeshalazwa kifudifudi, ukucha umeingia kwenye ufa, kifuniko kimeruka, tak!, na betri iko mezani. Mafundi wengine walichokonoa kwa bisibisi wakaacha mikwaruzo. Kucha hakuacha alama.

Chumba chake cha kazi kilibanwa katikati ya duka la vifaa vya umeme na chumba cha mama mmoja mshonaji. Ukuta kati yake na mshonaji ulikuwa wa mbao nyembamba, kiasi kwamba cherehani ikishika kasi upande ule, bisibisi za Kucha zilitetemeka ndani ya kopo upande huu. Alikuwa na meza ndefu, taa ya shingo ndefu, kioo cha kukuzia vitu na viti viwili vya wateja, kimoja mguu umefungwa waya. Wateja waliokijua walikimbilia kile kingine.

Enzi hizo simu zilikuwa na mlango mgongoni. Mtu akija analalamika kwamba simu imeganda, haisikii wala haijibu, Kucha aliitoa betri, akaiacha ipumzike kidogo, akairudisha, na simu ikaamka. "Ilikuwa imenuna tu," alisema. Simu ikidondoka sakafuni, kifuniko kilikwenda huku, betri kule, laini ikaingia chini ya kabati. Ungedhani ni msiba, kumbe kule kutawanyika ndiko kulikookoa kioo. Ikitumbukia majini, ulitoa betri haraka, maji yasikutane na umeme. Na betri ikizeeka, mwenyewe alinunua nyingine dukani kama anayenunua sabuni, akaipachika njiani akitembea.

Betri zilizochoka Kucha alizipima bila mashine. Aliilaza betri mezani na kuizungusha kwa kidole. Iliyo nzima ilikwama papo hapo, maana tumbo lake ni bapa. Iliyovimba ilizunguka kama pia.

"Tazama mwenyewe," alimwambia mteja, "hii inacheza. Betri inayocheza hulali nayo chini ya mto."

Lakini hakuwa mtu wa kuzisifu simu zile kupita kiasi. Vifuniko vililegea, betri ikaanza kuchezacheza ndani, na simu ikazima kila ukiitikisa. Dawa yake ilikuwa kikaratasi kilichokunjwa na kuchomekwa pembeni. Betri bandia nazo zilijaa tele, maandishi makubwa juu yake na nguvu ya panzi ndani. Na wezi walizipenda mno simu hizo. Mwizi akishaipora, kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa betri, na hapo hata ukipiga mpaka kidole kiote sugu, humpati.

Basi siku moja akaja mwalimu wa hesabu na simu nyembamba, inayong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Fundi, haikai na chaji. Nitolee betri nione kama imevimba."

Kucha aliipokea, akaigeuza, ukucha ukaanza safari yake. Ukatembea juu, ukashuka kulia, ukapita chini, ukapanda kushoto. Haukupata ufa. Akarudia tena taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo.

"Sasa mlango wake uko wapi?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyekuja kukuuliza wewe," mwalimu alijibu.

Waliokaa wakisubiri wakaangua kicheko. Kucha naye alicheka, lakini si kwa muda mrefu. Alimrudishia mwalimu simu yake, akamwambia atafute kwingine. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mteja maneno hayo.

Baada ya huyo walikuja wengine, kisha wengine. Kila mwezi simu zenye mlango zilipungua na zile zilizozibwa ziliongezeka. Ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi mwenzake wa zamani aliyeitwa Makava. Huyu alikuwa ameshatupa bisibisi na sasa aliuza makava ya kuvalisha simu, chaja na vioo vya kubandika. Alikuwa mtu mwema, mpenda maneno, na mzito wa kubishana na dunia.

"Shemeji," alimwambia Kucha, maana alikuwa rafiki wa mumewe, "waliozitengeneza hizi hawataki mimi na wewe tuziguse. Wameziziba kwa gundi makusudi. Uza makava upumzike."

"Kama zimezibwa na mtu, mtu anaweza kuzizibua."

"Mtu gani? Mwenye ukucha?"

Neno hilo lilimchoma. Na pengine ndilo lililomponza. Siku chache baadaye msusi wa mtaa wa nyuma alileta simu yake iliyokuwa ikizima kila saa sita mchana, katikati ya kazi. Kucha aliitazama, akamtazama Makava kule ng'ambo akipanga makava yake, akasema, "Niachie."

Alitumia kisu chembamba na nguvu. Mgongo wa simu ulibanduka kwa shida, ukapasuka pembeni, lakini ulibanduka. Akaiona betri kwa macho yake, nyeusi, bapa, imelala kitandani mwake. Alidhani kazi imekwisha, kumbe betri yenyewe nayo ilikuwa imegundishwa chini. Akachukua bisibisi bapa, akaichomeka ubavuni mwa betri, akainua.

Alisikia sauti kama ya paka aliyekasirika. Kisha moshi mweupe, mzito, wenye harufu tamu inayokaba kifua, na ndani ya moshi ule, moto. Bila kufikiri aliikamata simu kwa mkono wa kushoto, akaitupa nje ya mlango. Mshonaji alifika mbio, mkasi ungali mkononi, akamvuta nje kwa kola. Simu ya msusi ilimalizikia barabarani, ikitoa cheche, watu wakiizunguka kwa mbali kama nyoka aliyejeruhiwa.

Kiganja cha Kucha kiliungua tangu chini ya vidole mpaka karibu na kifundo. Alimpa msusi simu nyingine nzuri kutoka kwenye rafu yake, na msusi alisema, "Mshukuru Mungu, mwenzangu. Yangekuwa ni macho je?"

Mumewe alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Kila asubuhi alimfunga bandeji kabla ya kwenda kazini.

"Mke wangu," alisema siku moja, akikaza fundo, "fungua genge. Vitunguu havilipuki."

"Vinatoa machozi."

"Machozi hukauka."

Kucha alicheka, lakini aliporudi kazini hakuwa yule wa zamani. Mkono ulipona, hofu ilibaki. Alimwomba Makava, mwenye mwandiko mzuri, amwandikie bango, wakalitundika mlangoni: HATUFUNGUI SIMU ZISIZOTOLEWA BETRI. Wateja walilisoma, wakageuza. Wengine hawakumaliza hata kulisoma. Viti viwili vya wateja vikawa vitupu, hata kile kizima. Kucha akawa anakaa akisikiliza cherehani ya jirani, akipangua bisibisi zake na kuzipanga upya, kubwa kwa ndogo, kisha ndogo kwa kubwa.

Katika hali hiyo ndipo dada yake alipomjia.

Dada yake mkubwa alikuwa mkunga wa zahanati. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na mitulivu, na nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wamepita katika mikono hiyo kabla ya kumwona mama yao. Simu yake ilikuwa haizimwi, maana wajawazito hawana saa. Safari hii aliitoa kwenye mkoba imezungushiwa kitambaa, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu nitazamie mgonjwa huyu."

Aliilaza mezani. Simu haikulala, iliyumba kama yai. Mgongo wake ulikuwa umeinuka, na pembeni gundi imeachia. Kucha hakuhitaji kuizungusha.

"Imevimba vibaya. Izime kabisa. Usiichaji tena."

"Najua imevimba, tumbo ninalijua likivimba. Nataka uitoe betri uniwekee nyingine."

"Dada, umelisoma bango?"

"Nimelisoma. Mimi si mteja, mimi ni dada yako."

"Ndiyo maana siigusi." Kucha alimfunulia kiganja. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, imekunjamana kama karatasi iliyolowa. "Mkono huu uliuona mwenyewe."

Dada yake aliushika ule mkono, akautazama kama anavyotazama kila kitu, bila haraka. Kisha akauachia.

"Mtoto akikaa vibaya tumboni," alisema, "unadhani mimi natundika bango mlangoni?"

Kucha aligeuka kulitazama bango lake.

"Kila mara naogopa. Miaka yote hii, naogopa. Naweka hofu pembeni, nanawa mikono, naanza."

"Na kama hujui la kufanya?"

"Namtafuta anayejua. Nakaa karibu yake mpaka nijue."

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Lakini Kucha alihisi masikio yake yakipata moto. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilisimama. Mshonaji alikuwa akisikiliza, bila shaka. Kucha akainuka, akachomoa moja ya laini mbili za simu, akachukua kopo kubwa la bati, akalimwagia mchanga, akailaza simu ya dada yake juu ya mchanga ule na kuliweka kopo nje, chini ya upenu, mbali na vitu vinavyoshika moto.

"Niachie," alisema. "Sikupi siku. Lakini niachie."

Akamtolea kutoka rafuni simu ya zamani, ya batani, yenye mlango mgongoni, na betri mbili, ameshaitia ile laini. "Hii ikizima njiani, toa hii, weka hii. Huhitaji kumtafuta mwenye umeme."

Dada aliitia simu mkobani na ile betri ya akiba kwenye mfuko wa sare, akaondoka.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asubuhi iliyofuata Kucha alivaa nguo zake nzuri, akafunga chumba, akaenda katikati ya mji kwenye duka kubwa la kutengeneza simu, lenye milango ya kioo na hewa ya baridi. Kaunta ilikuwa na kijana msafi mwenye tai.

"Karibu mama. Simu ina tatizo gani?"

"Simu haina tatizo. Mwenye tatizo ni mimi. Mimi ni fundi, nataka kuona mnavyotoa betri za simu zilizozibwa. Nitakaa kimya. Nipe hata kigoda."

Kijana alitabasamu kwa adabu. "Samahani mama, haturuhusiwi. Ni utaratibu wa ofisi."

"Sitashika kitu."

"Naelewa mama. Ni utaratibu."

Kucha alimshukuru, akatoka. Hakuwa na kinyongo naye. Kijana alikuwa analinda ugali wake. Lakini alipozunguka upande wa pili wa jengo aliona kwamba chumba cha mafundi kilikuwa na dirisha pana linalotazama njia ya waenda kwa miguu, na nyuma ya kioo, mafundi walikuwa kazini. Njia ya waenda kwa miguu haina utaratibu wa ofisi. Akasimama.

Alisimama siku ile, akarudi kesho yake, na keshokutwa. Aliegemea nguzo ya taa, mkoba kifuani, kama anayemsubiri mtu. Shida ni kwamba mafundi waliinama juu ya meza, migongo yao ikaziba kazi. Aliona viwiko tu. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye miwani. Siku ya tatu yule mwanamke aliinua kichwa, akamwona Kucha. Wakatazamana. Kucha aliinua mkono wake wa kushoto, akakibandika kile kiganja kilichoungua kwenye kioo, kisha akakionyesha kwa kidole, na kutoka hapo akaonyesha simu iliyokuwa mezani.

Yule mwanamke hakutabasamu. Alisimama, akakizungusha kiti chake upande wa pili wa meza, akakaa upya uso ukielekea dirishani. Tangu hapo, kila alichofanya, alikifanya mbele ya macho ya Kucha, polepole kuliko kawaida, na kila hatua akisita kidogo kana kwamba anajikuna pua.

Kucha aliona mambo ambayo hasira yake haikumruhusu kuyafikiria siku ile ya moto. Aliona kwamba simu huachwa kwanza iwake mpaka chaji ishuke kabisa, kwa maana betri tupu haina nguvu ya kulipuka kama iliyoshiba. Aliona kwamba mgongo hupashwa joto mpaka gundi ilainike, wala haung'olewi. Aliona kwamba hakuna chuma kinachoigusa betri. Ni plastiki laini na uzi tu. Na aliona matone ya spiriti, chupa yake ikisomeka wazi, yakidondoshwa chini ya betri kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha mwanamke yule akaweka mikono mapajani na kukaa. Akakaa tu. Gundi ilikuwa inayeyuka.

Kumbe sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kusubiri, na yeye alikuwa ameitia nguvu.

Alirudi na kuanza kukusanya. Kwa mwokota vyuma chakavu alichukua simu zilizokufa, zilizozibwa, za kila aina. Mshonaji alimpa uzi wa nailoni. Spiriti aliipata duka la dawa. Vipande vya plastiki alivikata kutoka kadi za zamani. Kilichobaki kilikuwa kikausha nywele, na mwenye kikausha nywele mtaani alikuwa mmoja tu.

Msusi alimsikiliza mpaka mwisho, kitana kikiwa kimechomekwa kichwani mwa mteja. Kisha akakitazama kikausha nywele chake.

"Hiki nacho usinichomee," alisema, akampa.

Mumewe alileta ndoo ya mchanga mlaini kutoka lorini, akaitua mlangoni. Hakusema lolote juu ya vitunguu.

Simu ya kwanza Kucha aliipasua mgongo. Ya pili ilifunguka vizuri, akafurahi, na kwa furaha hiyo akakata utepe mwembamba unaounganisha kioo na mwili wa simu. Ya tatu alisubiri kidogo mno. Ya nne alipasha joto kupita kiasi mpaka plastiki ikajikunja. Makava alikuwa akivuka barabara kuja kutazama, akitikisa kichwa.

"Shemeji, hizo zimeshakufa. Unaziua mara ya pili?"

"Bora nikosee kwa maiti."

Makava alikaa kwenye kile kiti kibovu, maana hakuwa na haraka. "Mimi nazitetea hizi zilizozibwa, ujue. Nyembamba, haziingizi vumbi, mvua ndogo haziogopi, betri zake zina pumzi. Halafu mwizi hana pa kushika. Juzi kuna mtu kaibiwa, mwizi hajui namba ya siri, kuzima hawezi, betri hatoi. Kapanga foleni ya chai, mfukoni simu inalia kwa sauti yote, na mwenye simu yuko nyuma yake."

Kucha alicheka mpaka akaweka uzi chini. "Sawa. Lakini ikichoka?"

"Ikichoka unanunua nyingine."

"Simu nzima? Kwa sababu ya kiungo kimoja? Wewe goti likikuuma tukuzike?"

Makava alilishika goti lake, ambalo kweli lilikuwa likimuuma.

Dada naye alipita akitoka zamu, na habari zake zilikuwa za pande mbili. Ile simu ya batani ilitumbukia kwenye beseni la maji wakati akimhudumia mzazi nyumbani kwake. Aling'oa betri pale pale, akaifuta simu kwa kitenge, na mtoto alipokuwa ameshavikwa, akapachika betri ya akiba kutoka mfukoni, ikawaka. "Ile nyingine ingekufa," alisema. Lakini wiki hiyo hiyo mama mmoja alitaka kumtumia picha ya vipele vya mtoto wake, na simu ya batani haina macho ya kuona picha. Dada alitembea mwendo mrefu juani kwenda kuvitazama. Vilikuwa vipele vya joto tu.

"Sikuharakishi," alimwambia Kucha, akivua kiatu na kujikanda mguu. Kisha akatabasamu. "Lakini miguu hii nayo haibadilishwi."

Ilifika siku ambayo Kucha alifungua simu sita mfululizo bila kupasua wala kukata kitu. Ya saba hakuifungua. Alikwenda chini ya upenu, akalitazama lile kopo la bati, akampigia dada yake: "Njoo kesho asubuhi. Njoo ukae."

Walifanyia kazi ile nje, uani, kwenye hewa. Meza ilikuwa ubao juu ya ndoo mbili, na juu yake sinia la mchanga. Mumewe alichelewa kwenda kazini kwa makusudi. Alisimama na ndoo yake mkononi kama askari wa zimamoto aliyesahauliwa na wenzake. Makava alikuwepo, kwa mbali kidogo. Dada alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Hii haikuwa kama zile alizojifunzia. Zile betri zilikuwa zimekufa zikiwa bapa. Hii ilikuwa na mimba ya hewa, ngozi yake imekazwa, na hakuthubutu kuiwasha imalize chaji. Tobo moja dogo, na yale ya siku ile yangerudi. Kikausha nywele alikiweka kando. Betri iliyovimba haipendi moto, na hata hivyo uvimbe wenyewe ulikuwa umeshaanza kuufungua mgongo. Alidondosha spiriti kwenye ufa, akasubiri. Akapenyeza kipande cha plastiki, akakisogeza upana wa punje ya mchele, akasubiri tena. Mgongo uliachia bila sauti.

Betri ilijitokeza imefura kama kigodoro kidogo. Kucha alikichomoa kiunganishi chake kwanza, kama alivyoona dirishani. Akadondosha spiriti chini yake. Na hapo, wakati wa kuingiza uzi, mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Hakuuamuru, ulitetemeka wenyewe, kama unaokumbuka.

"Pumua," dada yake alisema.

Kucha alipumua.

"Usisukume bado."

Makava alitaka kucheka, akamwona mume wa Kucha, akaghairi.

"Bado," dada alisema tena, kwa sauti ile ile aliyoitumia usiku na mchana kwa wanawake waliodhani hawawezi. "Pumua tena. Haya. Sasa, taratibu."

Kucha aliupitisha uzi chini ya betri, akaushika ncha zote mbili, akaanza kuuvuta huku na huku, wala si kwa nguvu, kama anayekata sabuni laini. Uzi ulisogea. Ulikwama. Akadondosha spiriti nyingine, akangoja, jasho likimshuka puani. Uzi ukasogea tena, na tena, na mara ukatokea upande wa pili. Betri ilikuwa imeachia. Aliiinua kwa ncha za vidole, akailaza mchangani, na mumewe akaifunika kwa mchanga zaidi kuliko ilivyohitajika.

Betri mpya, aliyoinunua mjini, ililala mahali pake, mgongo ukarudishiwa gundi, na simu ikashinikizwa ishikamane. Kucha alibonyeza kitufe. Kioo kilibaki cheusi. Kilibaki cheusi kwa muda ambao ulimtosha kufikiria mabaya yote. Kisha kikawaka, na papo hapo simu ikaanza kulia na kutetemeka mezani, ujumbe juu ya ujumbe, wajawazito wote wa kipindi chote kile wakibisha hodi kwa pamoja.

"Ni mtoto wa kike au wa kiume?" mumewe aliuliza, akitua ndoo.

Dada alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa sare. Kucha yeye hakucheka mara moja. Alikaa chini, pale pale uani, akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kimetulia.

"Sikiliza lakini," alisema alipopata sauti. "Ikishafunguliwa, kuzuia maji si kama mwanzo. Usiipeleke kuoga."

"Basi nitabaki nazo zote mbili," dada alisema. "Ile ya batani ya kunipigia, na betri yake mfukoni. Hii ya kuona picha."

Bango liling'olewa siku hiyo hiyo. Makava mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye kiti, kile kizima, akalibandua, na wiki iliyofuata alileta simu ya mkewe, akiishikilia nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja kikombe.

Wateja wanapomuuliza Kucha ipi bora, ile ya kutoa betri au ile iliyozibwa, hawapati jibu rahisi. Yeye huwauliza kwanza: Unafanya kazi gani? Unakaa mbali na umeme? Simu yako inalowa? Kwa mkulima anayelala shambani juma zima humwambia atafute yenye mlango na betri mbili. Kwa anayepiga picha na kutaka simu ya kukaa vizuri mfukoni, humwambia achukue iliyozibwa, asiilaze juani, asiichome kwenye chaji usiku kucha chini ya mto, na akiona mgongo unainuka asingoje. "Yenye mlango utaitibu mwenyewe," huwaambia. "Isiyo na mlango nitakutibia mimi. Lakini zote betri zake huzeeka, asikudanganye muuzaji."

Habari hizo zilifika zahanati, bila shaka kwa kinywa cha dada. Mwezi mmoja baadaye mganga mkuu alikuja mwenyewe, amebeba taa ya kuchaji ya chumba cha kujifungulia. Ilikuwa nzito, nyeupe, imezibwa pande zote, na ilikuwa haikai na mwanga hata nusu ya kazi. Wauzaji walishawaambia wanunue nyingine.

Kucha aliigeuza kifudifudi. Skrubu zake zilikuwa na vichwa vya pembe tatu, aina ambayo hakuwa na bisibisi yake.

"Hii sijawahi kuifungua," alimwambia mganga, akaivuta taa ya shingo ndefu karibu. "Kaa. Si hicho, kile kingine."